Kumuaga Konsolata, Aliyeishika Shingo Yangu

Mheshimiwa Bwana D.C., uliyeacha mafaili yako ukaja kukaa nasi kwenye benchi la mbao. Mheshimiwa Mtwa, chifu wetu, pamoja na wazee wa baraza mliofuatana naye. Bwana Daktari Hallam, na wauguzi wote wa hospitali hii. Baba Padri Alfonsi. Mchungaji wetu Abrahamu, ambaye leo ameketi karibu na Padri kuliko siku yoyote ninayoikumbuka, na paa bado halijatuangukia. Ndugu wageni waalikwa mliotoka Makambako, Kifanya na hata kule Liganga. Mama zangu, dada zangu, na ninyi mliosimama nyuma kwa sababu viti vimekwisha: kamwene.

Naona wengine mnageuza vichwa kumtafuta mwanamume anayezungumza. Msijisumbue. Ni mimi, Kristina wa Mahongole, mke wa Filemoni mpasua mbao, mama yake Mika. Sauti hii mnayoisikia ni yangu, sikuiazima kwa mtu. Kamati ya sherehe ilipokaa kuchagua msemaji, mjumbe mmoja alishauri atafutwe mtu mwenye sauti tamu. Nesi Konsolata, ambaye ndiye tunayemuaga, alikataa. Alisema yeye anamtaka mwenye sauti mbaya, na kwamba anajua anakoishi. Ndivyo nilivyoipata heshima hii.

Bwana Daktari amekwisha kutueleza utumishi wake: jinsi alivyotoka Kifanya akiwa binti, akajifunza uuguzi misheni, akaitunza zahanati ya Makambako kwa miaka mingi, na mwisho akahamia hapa Njombe. Ameyasema vizuri, kwa Kiswahili ambacho kila mwaka kinazidi kuwa karibu na Kiswahili. Mimi sina elimu ya kupima utumishi wa miaka yote hiyo. Nitasimulia habari ya shingo moja tu, nayo ni yangu.

Ninyi mliotoka mbali huenda hamjui tulivyokuwa tukiishi na rovu, huu uvimbe wa shingoni. Kwetu haukuwa ugonjwa. Ulikuwa alama ya ukoo, kama pua. Bibi yangu alikuwa nao, mama yangu alikuwa nao, nami ulinianza nilipovunja ungo. Msichana mwenye shingo nyembamba aliulizwa kama wazazi wake ni watu wa pwani. Mimi rovu langu nililivalisha shanga. Wanangu wote walililalia walipokuwa wachanga, na Filemoni alipokwenda kuwaeleza wazee wake kwamba amepata mchumba, jambo la kwanza alilolisifu ni kwamba binti ana shingo ya kuonekana. Nani angeogopa kitu alichokizoea kama mto wa kulalia?

Na nyuma ya rovu hilo ilikaa sauti. Nasema bila aibu, kwa kuwa mwenye sauti hiyo hayupo tena: katika kwaya ya usharika wetu niliongoza sauti ya kwanza, na siku ya Pasaka nilipopandisha, Mchungaji Abrahamu alikuwa akifumba macho. Wenzangu wenye wivu walisema anasinzia. Mchungaji, sema ukweli leo mbele ya Padri. Haya, ametikisa kichwa. Hakuwa akisinzia.

Sasa, siku moja ya gulio nilimpeleka binti yangu Ida zahanati ya Makambako. Alikuwa na kikohozi. Foleni ilikuwa ndefu, ukungu ulikuwa bado haujainuka, na nusu ya wanawake waliokuwa mbele yangu walikuwa na rovu, mengine makubwa kuliko langu. Zamu yangu ilipofika, nesi hakumtazama mtoto. Alinitazama mimi shingoni, akaniambia nimeze mate.

Nilimweleza kwa adabu kwamba mgonjwa ndiye huyu mdogo. Akasema mdogo atamwona, mkubwa ameze mate. Nikameza. Akaweka vidole vyake, baridi kama vya mtu aliyetoka kufua mtoni, akabonyeza upande wa kulia, akabonyeza wa kushoto, akarudi kulia. Akaniuliza sehemu ile imeanza lini kuwa ngumu. Nikamjibu kwamba shingo yangu siihoji maswali. Akaniuliza kama sauti yangu imebadilika. Nikasema ni baridi tu ya Mahongole. Akaniambia niende kumwona daktari Njombe juma lile lile, wala nisingoje mavuno.

Mimi nilikasirika, ndugu zangu. Nilimwuliza kwa nini, katika foleni nzima ya marovu, amelichagua langu. Akamshika mkono mwanamke wa nyuma yangu, akaleta vidole vyangu vikalishika rovu la yule mama, kisha akavirudisha kwenye langu. La yule mama lilikuwa laini, kama unga uliokandwa ukaumuka. Langu upande mmoja lilikuwa hivyo hivyo. Upande wa pili lilikuwa kama kiazi mviringo kibichi, tena kiazi kilichokwama, hakipandi wala kushuka nikimeza.

Mwenye akili angekwenda Njombe. Mimi nilikwenda nyumbani na dawa ya kikohozi.

Nilidhani yamekwisha. Lakini Jumapili iliyofuata, tumesimama kanisani tayari kuimba, nikamwona yule nesi Mkatoliki ameketi benchi la mbele kabisa, amejifunga kilemba cheupe. Mnajua uhusiano wetu Walutheri na Wakatoliki ulivyokuwa siku zile. Usharika wote ulisahau kufungua vitabu vya nyimbo. Mchungaji alipata nguvu ya ajabu, akahubiri habari ya kondoo aliyepotea mpaka watoto wakaanza kulia njaa. Tukaimba. Nilipofika pale juu ambapo nilikuwa nikipanda kila Jumapili kama mtu anayepanda ngazi ya nyumbani kwake, sauti ilipasuka. Nikajaribu tena ubeti wa pili, ikapasuka zaidi. Wenzangu wakaniziba kwa kuimba kwa nguvu, Mungu awabariki.

Baada ya ibada Mchungaji alimkimbilia mgeni mlangoni, akamkaribisha kwa mikono miwili, akamwuliza kama ana nia ya kujiunga nasi. Konsolata akamjibu, na watu wengi walisikia: "Hapana, Mchungaji. Sikuja kubadili dini. Nimekuja kuisikiliza shingo ya Mama Mika."

Kisha akafuatana nasi hadi nyumbani bila kualikwa. Tukampa viazi na njegere, akala. Filemoni ndiye aliyekuwa na hofu kubwa kuliko mimi. Alikuwa amesikia kwamba mtu akipasuliwa shingo pumzi hutokea pale pale na haina njia ya kurudi. Konsolata hakubishana naye. Alimwuliza kazi yake ya mbao: akikuta ndani ya gogo zuri mahali palipoanza kuoza, anafanya nini? Filemoni akasema anapakata mapema, kabla ubao mzima haujaharibika. Mimi nikajua mume wangu amekwisha kuchukuliwa.

Tukapanda lori la kwenda Njombe, Filemoni, mimi na Konsolata, ambaye aliomba ruhusa kazini ili afuatane nasi. Nani alimtuma? Hakuna. Nani angemlaumu kama angebaki Makambako akasema nimemwambia, hakusikia? Hakuna pia.

Bwana Daktari alinishika shingo, akaniketisha, akaeleza taratibu. Alisema tezi ya shingo ni kama jiko la mwili, ndiyo inayotupa joto na nguvu. Udongo na maji ya milima yetu yamepungukiwa na kitu fulani ambacho bahari inacho kwa wingi, na tezi ikikikosa hujitahidi, na kwa kujitahidi huvimba. Hilo ndilo rovu, na walio wengi huzeeka nalo bila dhara kubwa. Lakini tezi iliyojitahidi miaka mingi, mara chache, sehemu yake hupotea njia, ikaota ovyo bila kusikia amri ya mwili. Hiyo huitwa kansa. Akasema yeye hawezi kujua kwa macho, sharti akate atazame.

Halafu akaongeza jambo lililoniumiza kuliko yote. Mshipa wa fahamu unaoendesha sauti hupita nyuma ya tezi, mwembamba kama uzi, na upande wangu mgumu ulikuwa umeugandamiza. Alisema kwa Kiswahili chake cha siku zile: "Mimi taangalia sana. Lakini sauti, mimi hapana ahidi."

Nilisimama nikachukua kanga yangu. Nilitoka hadi uani, pale karibu na yale matenki ya maji, Konsolata akanifuata. Nikamwambia sitakatwa. Nilimwambia Mungu alinipa kitu kimoja tu kisichopatikana kwa jirani. Sina ng'ombe wengi, sina uzuri, mahindi yangu huungua na baridi kama ya kila mtu. Nina sauti. "Nikipona bila sauti," nikamwuliza, "nitamwimbia Mungu kwa nini?"

Konsolata hakunibembeleza. Hajui kubembeleza, hata wagonjwa wa hapa watashuhudia. Alisema: "Utamwimbia kwa itakayobaki, Mama Mika. Maiti haiimbi sauti ya kwanza wala ya nne."

Nililia, kisha nikacheka, kisha nikalia tena. Halafu nikarudi ndani.

Nilipozinduka baada ya kupasuliwa, yeye ndiye niliyemwona kwanza. Aliniambia niseme neno lolote. Nikasema, "Maji." Nami nikasikia mwanamume amesema maji. Nikageuza macho kutazama ni mwanamume gani ameingia wodi ya wanawake bila haya. Hapakuwa na mtu. Konsolata alinipa maji kwa kijiko, akageuka haraka kutengeneza shuka la kitanda cha pili, ambacho hakikuwa na mgonjwa.

Kipande cha nyama kilipelekwa Dar es Salaam kutazamwa kwa darubini. Jibu lilirudi kwamba ni kansa. Hapo sina mzaha, ndugu zangu. Neno lile nilikuwa nimelisikia mara moja tu, kwa Daktari, na sasa lilikuwa langu. Filemoni alitoka nje akaenda kusimama peke yake, na mtu aliyezoea kubeba magogo alirudi akiwa anashika ukuta. Daktari alisema ugonjwa umekutwa bado umejifungia ndani ya tezi, haujatoka kwenda kwa majirani, na kwamba akiondoa upande uliobaki ana matumaini. Kwa hiyo nilipasuliwa tena. Mara ya pili sikuchukua kanga yangu wala sikwenda kwenye matenki. Konsolata alikaa nami akisali rozari yake, nami nikisali sala zangu za Kilutheri, na mpaka leo sijui ni zipi zilizosikika. Padri na Mchungaji, tafadhali msigombanie jambo hilo leo.

Nikarudi Mahongole nikiwa mzima. Hivyo ndivyo tulivyodhani. Lakini baada ya muda nikawa mtu wa kusinzia. Nilisikia baridi hata juani, uso ukavimba, miguu ikawa mizito, mawazo yakawa yanatembea kama mzee anayepanda mlima. Nililala nikimenya viazi. Nililala katikati ya mahubiri, na safari hii, Mchungaji, aliyefumba macho alikuwa mimi. Jamaa wa mume wangu wakanong'ona kwamba nimerogwa, wengine wakasema Daktari amebaki na roho yangu kwenye chupa.

Konsolata alipita kututazama, akanikuta nimejifunga mablanketi mchana wa jua. Akasema jiko limeondolewa, moto utatoka wapi? Akanirudisha kwa Daktari, nikapewa vidonge vinavyotengenezwa kwa tezi ya mnyama, nivimeze kila siku maisha yangu yote. Nilimwuliza Daktari mnyama gani. Akasema mara nyingi ng'ombe, pengine kondoo. Tangu siku hiyo, nikimkaripia Filemoni hunijibu kwamba leo nimepewa cha ng'ombe, na nikimnyamazia husema asante Mungu, leo ni cha kondoo. Lakini nguvu zilirudi. Nililima shamba langu mwenyewe mwaka ule ule, na wale wa chupa wakakosa la kusema.

Sauti ya kwanza haikurudi. Nilikaa kimya kanisani kwa muda mrefu, nikiwatazama wenzangu midomo. Kisha siku moja Gideoni, anayeongoza sauti ya nne, akaniita nisimame na wanaume. Nilidhani ananidhihaki. Hakuwa akinidhihaki, alikuwa amepungukiwa na watu. Nikasimama kando ya mume wangu, na hapo ndipo nilipogundua kwamba Filemoni, miaka yote ya ndoa yetu, katika kwaya alikuwa akifungua mdomo tu bila kutoa kitu. Sasa anatoa, maana nipo karibu.

Na kwa kuwa nimemtaja Gideoni, subirini habari yake. Mimi nilikuwa nimejifunza kushika shingo, na nikawa kero ya gulio la Makambako. Wanawake waliniona wakahamisha mafungu yao ya njegere. Nilimshika mmoja, nikamshika mwingine, na wengi niliowasumbua waende Njombe walirudi wakanicheka, kwa kuwa marovu yao yalikuwa laini yasiyo na neno. Acheni wacheke. Kucheka ni majibu mazuri ya hospitali. Telesia, jirani yangu, alikuwa amekonda, mikono inatetemeka, macho yamemtoka, hawezi kuketi hata kidogo. Yeye hakuwa na kansa. Tezi yake ilikuwa inawaka kupita kiasi, akatibiwa, sasa ameketi pale na utulivu hadi tunamsahau. Marovu hayafanani, dada zangu, ndiyo maana yanatazamwa na wenye kazi hiyo, si na majirani.

Lakini katika kwaya, nikiwa nimesimama pembeni ya Gideoni, nilisikia sauti yake inakwaruza. Na Gideoni, kama mjuavyo, alikuwa na ndevu ambazo ndege wangeweza kuzijengea. Wanaume hatuwaangalii shingo, tunaangalia za wanawake. Nilimwomba aninyooshee kidevu. Akasema hawezi kuguswa ndevu na mke wa mtu. Nikamletea Filemoni awe shahidi. Chini ya ndevu palikuwa na fundo dogo, gumu, kama kokoto. Alinibishia kama nilivyombishia Konsolata, kwa maneno yale yale, hata lile la baridi. Akaenda mwisho, kwa sababu mkewe, Fidelia, alikwisha kufunga mzigo wa safari. Lilikuwa kama langu, na limekutwa mapema zaidi. Gideoni, inua kidevu, watu wakuone. Mnaona alivyopendeza bila ndevu. Na sauti yake amebaki nayo, mshindi.

Kwa hiyo, Bwana D.C., na wewe Mtwa wetu, mkiulizwa Konsolata ameacha nini katika nchi hii, msitafute jengo. Tazameni watu wanaoendelea kulima.

Nimebakiza jambo moja. Juma lililopita nilikwenda nyumbani kwake kumsaidia kufunga vitu vyake, kwa kuwa anarudi Kifanya kwa kaka yake. Tulikuwa tunakunja mablanketi, nami nikamwuliza swali ambalo sikuwahi kumwuliza: kwa nini alinifuata. Wagonjwa wengi walimkatalia katika miaka yake, hakuwafuata makanisani. Aliendelea kukunja blanketi. Kisha akasema kwamba siku ile Makambako, nilipotoka na dawa ya kikohozi, aliifunga zahanati kwa muda, akaketi sakafuni.

"Mama yangu alikufa na shingo kama yako," akaniambia. "Tulikuwa watoto. Tulimpaka mafuta ya nyonyo kila jioni, tukadhani tunamtibu. Nilipokushika nilimshika yeye, na safari hii nilijua jina la ugonjwa."

Nikamshikia ncha za upande wa pili. Tulimaliza kukunja blanketi.

Konsolata, dada yangu, ulikuwa mtoto ulipompoteza mama yako. Tazama mbele yako. Hawa wote waliovaa kanga za sikukuu ni mama za watu, na jioni ya leo watoto wao watawakuta jikoni. Nenda Kifanya ukapumzike. Nesi Dionis, anayeshika nafasi yako, atabaki nasi, na tutamfundisha kukataliwa.

Mheshimiwa Bwana D.C., Mheshimiwa Mtwa, baba zangu wa dini, Bwana Daktari, na ninyi nyote: mmeivumilia sauti hii bila kuziba masikio. Asanteni sana kwa kunisikiliza, na Mungu amsindikize Konsolata njia nzima.